Sura ya Saba: Shingo ya Ua la Usambara

Anayetaka kulitunza ua la Usambara na alitazame kwanza likiwa kwao. Kwao ni mwamba. Katika misitu ya Usambara Mashariki, kando ya vijito vinavyoteremka kutoka Amani kwenda bonde la Sigi, mmea huu hukaa kwenye nyufa za mawe na kwenye kuta za miamba iliyosimama wima, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingepanda hata mchicha. Mizizi yake imeng'ang'ania kuvumwani na vumbi la majani yaliyooza, udongo wote ukiwa hauzidi kina cha vidole viwili. Juu yake kuna kivuli cha miti mirefu. Mvua ya Amani hukaribia milimita 1,900 kwa mwaka, na ukungu hujazia pale mvua inapopumzika, lakini maji hayatuami kwa sababu mwamba hauna pa kuyaweka. Mmea unapata unyevu siku zote na haulowi hata siku moja.

Shina lake nalo halisimami. Linalala juu ya mwamba na kutambaa polepole. Mbele linatoa majani mapya, nyuma majani ya zamani yanakauka na kudondoka, na popote shina linapogusa kuvumwani yenye unyevu linatoa mizizi mingine. Baada ya miaka kadhaa mmea unakuwa umehama kutoka pale mbegu ilipoota, na nyuma umeacha kipande cha shina kikavu kisicho na kazi. Karibu kila nitakalosema hapa kuhusu kubadilisha chungu linatokana na tabia hiyo.

Mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hili mwaka 1892 katika sehemu mbili zisizofanana: kwenye miamba ya chokaa karibu na mji wa Tanga, si juu sana kutoka usawa wa bahari, na kule milimani msituni. Akampelekea baba yake, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa miti na bustani huko Silesia, na baba akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Wendland akaupa mmea jina la kisayansi mwaka 1893, Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya baba na mwana. Mwaka huohuo ua likaonyeshwa kwenye maonyesho ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, na kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kulifanyia biashara. Wasambaa, ambao walikuwa wakipita kando ya miamba ile vizazi na vizazi, hawakutajwa popote kwenye jina.

Yaliyofuata yalitokea mbali na Tanga. Katika miaka ya 1920 bustani ya Armacost & Royston ya Los Angeles iliotesha mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua miche kumi tu iliyoiridhisha, mmojawapo ukiitwa ‘Blue Boy’. Sehemu kubwa ya maua yaliyojaa madirishani Marekani baadaye ni uzao wa miche hiyo. Kufikia 1946 wapenzi wake walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama, African Violet Society of America. Leo yapo ya waridi, meupe, yenye ukingo wa kijani, yenye petali zilizojikunja kama kitambaa cha marinda. La mwituni bado ni la zambarau inayoelekea bluu, petali tano, na katikati vichwa viwili vya manjano vyenye chavua. Ndugu zake wanaishi Uluguru, Nguru, milima ya Taita na kwenye miamba ya chokaa nyuma ya Kilifi. Mwaka 2015 wanasayansi waliwaingiza wote katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wakulima hawakuhangaika kubadilisha vibandiko. Wauza miche wa mjini wengi husema vayoleti. Mimi nitasema ua la Usambara.

Sasa turudi kwenye chungu, tuanze na kanuni moja ya maumbile ambayo wengi hawaambiwi. Kikonyo cha maua huchomoza kwenye kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina. Kwapa likishatoa maua yake, kwa kawaida halitoi tena. Kwa hiyo mmea huu hauwezi kuchanua bila kuotesha majani mapya, na hauwezi kuotesha majani mapya bila shina kurefuka. Majani ya chini yaliyokwisha kutoa maua huzeeka, hupauka, na mwenye mmea huyatoa. Ukiyatoa matatu leo na matatu mwezi ujao, chini ya shada lile zuri linabaki shina tupu lenye makovu, limepinda kidogo, rangi ya ganda la mti. Wazoefu huliita shingo.

Kwenye mwamba shingo ingelala na kutoa mizizi mipya karibu na majani machanga. Ndani ya chungu haina pa kulala. Majani yote yanalishwa na mizizi mizee iliyo chini, kupitia shina linalozidi kuwa gumu mwaka hadi mwaka, na mmea mzima unayumba ukiguswa. Maua yanapungua. Mwenye nyumba anasema limechoka, analiongezea mbolea, au anakwenda kulinunulia chungu kikubwa zaidi.

“Mama, chukua na hiki kikubwa kabisa, kitakufaa miaka mitano,” kijana anayeuza miche kando ya barabara atakwambia, na kwa kuwa faida yake iko kwenye chungu, huwezi kumlaumu. Mjibu tu, “Ahsante mwanangu, nipe kile kidogo cha pembeni.”

Kipenyo cha chungu kiwe theluthi moja ya upana wa mmea. Mmea ulioenea sentimita 30 kutoka ncha ya jani hadi ncha ya jani unataka chungu cha sentimita 10, na ni nadra sana kuhitaji zaidi ya hapo. Kiwe kifupi kuliko kirefu. Mizizi ya ua hili ni myembamba na haiendi chini. Udongo usiofikiwa na mizizi haunyonywi, unabaki mbichi wiki nzima, hewa inaisha ndani yake, na uozo unaanzia hapo. Dalili zake zinadanganya. Mmea uliooza mizizi hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu, na mwenye nao akiona majani yamelegea huumwagia maji mengine. Nadhani maua mengi ya Usambara hufa hivyo, mikononi mwa watu wenye huruma, kuliko yanayokufa kwa kusahauliwa. Kabla ya kumwagilia mmea ulionyauka, ingiza kidole kwenye udongo. Ukiwa mbichi, maji si dawa.

Kwa hiyo tunapobadilisha chungu hatuupandishi mmea cheo. Mara nyingi tutaurudisha katika chungu kilekile, kikiwa kimeoshwa, chenye udongo mpya, na shingo ikiwa imefukiwa. Mara moja kwa mwaka ndiyo kima cha chini. Wanaotaka maua mfululizo hufanya kila miezi sita. Sababu ya kubadilisha udongo si virutubisho pekee. Mchanganyiko wa mboji hukanyagana na kuziba kadiri unavyooza, na chumvi za mbolea na za maji hujikusanya ndani yake mpaka zinaunguza mizizi.

Udongo wenyewe usiuchimbe bustanini. Ule mwekundu wa Lushoto unaostawisha kabichi, ukiuweka kwenye kopo dogo, unageuka tofali. Tunatafuta kitu kinachofanana na yale mabaki ya majani juu ya mwamba: chepesi, chenye uchachu kidogo, kinachoshika unyevu huku maji ya ziada yakipita. Sisi wa pwani tuna bahati ya makumbi ya nazi. Chukua sehemu mbili za unga wa makumbi, sehemu moja ya mboji ya majani iliyochekechwa, na sehemu moja ya kitu kigumu cha kuachanisha: mawe mepesi ya volkeno kwa walio Arusha na Moshi, au chenga za mkaa zenye ukubwa wa punje ya mahindi, vumbi lake likiwa limepepetwa. Unga wa makumbi uloweke na kuukamua mara mbili tatu kwanza, maana makumbi ya pwani huja na chumvi yake. Mboji imwagie maji ya moto na uiache ipoe, ili mayai ya wadudu yasihamie nawe. Jaribio ni rahisi: finya konzi ya mchanganyiko wenye unyevu, kisha fungua kiganja. Ukifumuka, uko tayari. Ukibaki donge, ongeza chenga.

Siku ya kazi isiwe siku ya kumwagilia. Mmea uliokaa siku moja au mbili bila maji una majani yanayonyumbulika. Uliokunywa asubuhi hiyo una vikonyo vinavyokatika ukivigusa. Toa maua yote na vikonyo vyake. Hapa watu hunung'unika, hasa kama limechanua, lakini mmea uliotoka kukatwa mizizi hauwezi kulisha maua, nayo yangenyauka yenyewe wiki inayofuata.

Pindua chungu huku shina likiwa katikati ya vidole vyako, gonga kitako, bonge litoke zima. Litazame. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya manjano hafifu na imeshikana. Ya kahawia inayoteleza na kunuka imeoza. Kisha toa majani ya chini, mzunguko mzima, kwa kulisukuma kila jani upande ili lichomoke na mzizi wa kikonyo chake. Usiache visiki, maana vinaoza ndani ya udongo. Majani mazima usiyatupe, tutayarudia. Sasa shingo imejitokeza yote. Ikwaruze polepole kwa ubapa wa kisu butu, uondoe ile ngozi ya kahawia na makovu hadi uone rangi ya kijani hafifu au nyeupe. Mizizi mipya itachomoza kwenye ngozi hiyo mbichi.

Pima urefu wa shingo. Ikiwa ni sentimita mbili, kata sentimita mbili za chini ya bonge la mizizi kwa kisu kikali, uzitupe. Wengi husita hapo, mkono juu na kisu hewani. Kata tu. Mizizi ya chini ndiyo mizee, na kwenye mwamba ingekuwa imekwisha kukauka zamani. Weka mmea katika chungu ushuke mpaka majani ya chini kabisa yalingane na ukingo, jaza mchanganyiko mpya pembeni na kuzunguka shingo, gonga chungu mezani mara mbili ili udongo utulie. Usiushindilie kwa vidole. Moyo wa mmea, pale majani machanga madogo yanapotoka, ubaki juu ya udongo. Chembe zilizoingia humo zifagie kwa brashi laini.

Shingo ikishapita sentimita tano, au mizizi ikiwa imeoza, hakuna bonge la kupunguza. Kata shina moja kwa moja, ubakize shada la majani pamoja na kipande cha shingo cha sentimita mbili hivi, kikwaruze, kiache kikauke kidogo, halafu kichomeke katika kopo dogo lenye mchanganyiko ulio na unyevu tu. Funika lote kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na uweke mahali penye mwanga pasipo na jua. Bila mizizi, majani hayana pa kunywea, na ndani ya mfuko hayapotezi maji. Baada ya wiki nne hivi vuta jani kwa upole. Ukihisi mmea unakataa, mizizi imeshika. Fungua mfuko kidogokidogo kwa siku kadhaa.

Mmea uliobadilishiwa chungu bila kukatwa shina nao unafaidika na mfuko kwa wiki moja, hasa Dodoma na kwingine kwenye hewa kavu. Maji ya kwanza yawe machache. Mbolea ingoje mwezi mmoja.

Kuhusu maji kwa ujumla, kosa linaloonekana zaidi ni madoa. Ukimwaga maji ya baridi juu ya majani yenye joto, seli za ndani ya jani huharibika, na kesho yake unaona mistari na duara za manjano ambazo hazifutiki tena. Si ugonjwa na hauambukizi. Maji yawe na joto la chumba au vuguvugu kidogo, na yapitie chini: simamisha chungu kwenye sahani yenye maji kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Njia ninayoipenda kuliko zote ni utambi. Kamba nyembamba ya nailoni, siyo pamba kwa sababu pamba inaoza, hupitishwa kwenye tundu la chungu, ncha moja ndani ya udongo na nyingine ndani ya kopo la maji lililo chini. Mmea unajinywea kadiri unavyotaka, hata ukisafiri. Njia hii inadai mchanganyiko mwepesi sana. Juu ya udongo mzito, utambi unageuka bomba la kuzamishia.

Maji ya visima vya Dar es Salaam mengi yana chumvi, na ua hili linaitambua haraka. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa chungu cha udongo, na vikonyo vinavyougusa vimeungua, ni chumvi. Kinga maji ya mvua. Kila mwezi mmoja au miwili pitisha maji mengi safi kutoka juu ya udongo, bila kulowesha moyo wa mmea, yatoke chini na kuondoka na chumvi. Mbolea iwe ile ya kuyeyusha yenye virutubisho vitatu vikuu kwa uwiano sawa, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Urea ya mahindi ibaki shambani.

Mwanga ndio unaoamua kama utaona maua au majani matupu. Jua la asubuhi mpaka saa tatu halina neno. La mchana linaunguza. Hapa vitabu vya Ulaya vinatupoteza kidogo, kwa sababu vinasifu dirisha la kaskazini kwamba halipati jua. Dar es Salaam mwezi Juni dirisha hilohilo ndilo linalopigwa na jua, na Desemba linahamia dirisha la kusini. Dirisha la mashariki lenye pazia jepesi ni salama mwaka mzima, na baraza iliyofunikwa vizuri pia inafaa. Majani yenyewe yatakwambia: yakipauka na kujibana chini yakikumbatia chungu, mwanga umezidi, vikonyo vikirefuka na majani kunyanyuka yakitafuta juu, umepungua. Katika ofisi isiyo na dirisha taa inatosha, saa kumi na mbili hadi kumi na nne kwa siku, mradi usiku izimwe.

Joto ambalo ua hili linalipenda ni la milimani, kati ya nyuzi 18 na 26. Miezi ya Januari na Februari huku pwani maua hupungua, na hakuna la kufanya ila kuliweka chumba chenye kupitisha hewa na kulikinga na upepo mkavu wa kiyoyozi. Lushoto na Limuru shida ni usiku wa Juni na Julai: lisogeze mbali na kioo.

Wadudu ni wachache. Wale weupe wanaofanana na vipande vidogo vya pamba kwenye makwapa waguse kwa pamba yenye spiriti. Ukiona unga wa manjano umemwagika juu ya petali, ni thiripi waliopasua vichwa vya chavua. Toa maua yote na machipukizi ya maua kwa wiki kadhaa, wakose chakula. Ubwiri unga, ambao wakulima wa korosho wanaujua vizuri, huja pale hewa imesimama. Kinachotisha ni utitiri usioonekana kwa macho, unaoufanya moyo wa mmea ukakamae, majani machanga yakawa madogo, magumu na yenye manyoya mengi. Mmea huo utupe pamoja na udongo wake, unawe mikono kabla ya kugusa mwingine.

Tumebaki na yale majani mazima tuliyoyatoa. Chagua la katikati ya umri, si la chini kabisa lililozeeka. Kata kikonyo kimshazari, kibaki sentimita mbili au tatu, kichomeke kwenye kopo la mchanganyiko uleule na ufunike kwa mfuko. Baada ya miezi miwili au mitatu vijimea vitachomoza kwenye mguu wa jani, vitatu, vinne, wakati mwingine kumi. Vikifika theluthi ya ukubwa wa jani mama, vitenganishe, kila kimoja na kopo lake lisilozidi kikombe cha kahawa. Kutoka hapo hadi ua la kwanza ni miezi sita hadi tisa. Kwa urahisi huu hakuna sababu ya kung'oa mmea msituni. Miti ya juu ikikatwa, jua hufika kwenye mwamba na kuvumwani hukauka. Mimea ya ua hili iliyobaki kule Amani, ambako hifadhi ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 1997, tuiache itambae.

Kuna aina moja ambayo jani halitakusaidia. Maua yenye mistari inayotoka katikati kwenda ncha ya petali, kwa kawaida, yana tabaka mbili za seli zenye urithi tofauti, na kijimea kinachotoka kwenye jani huzaliwa na tabaka moja tu, kikachanua rangi isiyo na mistari. Hizo hupatikana kwa kuchomeka kikonyo cha maua chenye vijani viwili vidogo, ambapo chipukizi hutoka kwenye kwapa la vijani hivyo likiwa na tabaka zote mbili, au kwa kukata moyo wa mmea ili machipukizi yatoke pembeni. Mauzo ya aina hizo ni ya bei kubwa kwa sababu hiyo, na muuzaji akikupa jani la ua lenye mistari kwa bei ya ua lenye mistari, mrudishie.